Mzazi na Mtoto Mchanga Katika Sikukuu za Desemba

Kila mwaka, ifikapo katikati ya mwezi wa Desemba, mabasi yatokayo Dar es Salaam, Kahama na Mwanza huingia Biharamulo na Ngara yakiwa yameshehena watu na mizigo. Abiria hushuka Nyakanazi, Lusahunga na Nyakasanza wakiwa na magodoro, mifuko ya mchele na watoto ambao hawajapata kumwona babu yao. Kutoka hapo pikipiki huwachukua hadi vijijini. Kwa wenyeji wa wilaya hizi mbili, maana kubwa ya Krismasi na Mwaka Mpya ni kurudi nyumbani, na nyumba isiyopata mgeni mwishoni mwa mwaka huonekana kama iliyosahauliwa.

Lakini zipo nyumba ambazo mgeni wao amekwisha kuwasili. Amekuja mwezi wa Oktoba au Novemba, hana begi wala godoro, na tangu alipoingia hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyelala usiku kucha. Kuhusu nyumba hizo, ndugu msomaji, ndiko tunakotaka kuelekea leo: nyumba zinazokabili sikukuu zikiwa na mzazi ndani, yaani mama aliye bado katika siku zake za uzazi, na mtoto ambaye kitovu chake kimeanguka juzi tu.

Kadi za Krismasi huonyesha theluji na miti mieupe. Desemba ya Ngara ni ya mvua. Vilima huamkia ndani ya ukungu, nguo zilizofuliwa hazikauki kwa siku mbili, na njia ya kushukia mtoni huwa utelezi mtupu. Biharamulo iko chini zaidi na baridi yake ni ndogo, ila mbu wake ni wengi zaidi, kwani mvua hiyohiyo iletayo maharage huleta pia madimbwi. Huu ndio msimu ambao mtoto mchanga anaanza nao maisha, na ni msimu ambao sisi watu wazima tumeuchagua kuwa wa kula, kunywa, kutembeleana na kukesha.

Tuanze na mama. Wazee wetu waliweka siku arobaini za uzazi, nao hawakuziweka kwa mzaha. Mama alitakiwa kukaa ndani, kuogeshwa kwa maji ya moto, kunyweshwa uji na kuachiwa mtoto wake. Sheria ya nchi nayo imefika huko kwa njia yake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama mwajiriwa siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo. Baba mwajiriwa hupewa siku tatu, azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Mara nyingi siku hizo huisha kitovu kingali kibichi. Hata hivyo, akina mama wengi wa Ngara na Biharamulo ni wakulima, na mkulima hana mwajiri wa kumsainia likizo. Mwezi wa Desemba maharage ya mvua za kwanza huelekea kuvunwa, magugu yanapanda migombani, na jembe limeegemezwa ukutani likimtazama. Likizo pekee anayoweza kuipata mama huyo ni ile ambayo watu wa nyumbani kwake watakubali kumpa.

Basi ndiyo hapo sikukuu inapoingia na kuinyang'anya.

Tazama mambo yanavyokwenda. Tarehe 23 wanafika mashemeji wawili na watoto wao. Tarehe 24 anafika shangazi wa mume, ambaye haletwi na mtu, bali anakuja mwenyewe, nasi tunamheshimu kwa hilo. Watu kumi na wawili wamelala katika nyumba ya vyumba vitatu. Asubuhi ya Krismasi wote wanakwenda kanisani, naye mzazi anabaki nyumbani kwa sababu ana mtoto mchanga. Na kwa kuwa amebaki, nani mwingine atatazama nyama jikoni? Hakuna aliyemwamuru. Hakuna aliyeketi na kusema kwamba mama mwenye wiki tano za uzazi apike chakula cha watu kumi na wawili. Jambo hilo limejipanga lenyewe, na wakati wageni wanaporudi wakiimba, yeye amesimama mbele ya mafiga matatu, kichanga kimefungwa mgongoni katikati ya moshi, na jasho linamtoka.

Hapa ndipo ninapotaka kusema waziwazi, na akina baba wanisikie. Kazi ya kumtoa mzazi jikoni siku ya Krismasi ni ya mume wake. Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe, "Mama, leo sipiki." Akisema hivyo neno hilo litatembea kijijini hadi Pasaka. Mume anaweza kusema, tena bila ugomvi, ikiwa atasema mapema. Tarehe 20, kabla mtu hajafika, awaite dada zake na wadogo zake na kuwagawia kazi: huyu maji, huyu kuni, huyu ndizi, yule nyama. Mwenyewe ajipangie kazi moja inayoonekana, mathalani kufua nepi. Najua wapo watakaocheka. Watu hucheka siku ya kwanza. Siku ya tatu wanazoea, na nepi zinakuwa zimefuliwa.

Wengi wa akina baba hao ni vijana waliokwenda kutafuta riziki migodini Geita na Kahama, au uvuvini ziwani, na hukutana na mtoto wao kwa mara ya kwanza wiki hiyo ya sikukuu. Baba wa namna hii hurudi na redio, shati jipya na viatu vya mtoto ambavyo mtoto hatavivaa kabla ya mwaka mmoja kupita. Anampokea mwanawe kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa yai, kisha anamrudisha upesi kwa mama yake. Asimrudishe upesi. Mwaka 1978, mjini Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria, aliyekuwa na uhaba wa mashine za kuwatunzia watoto njiti, alianza kuwaweka watoto hao kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, na njia hiyo leo inatumika hospitalini duniani kote. Kifua cha baba nacho kina joto. Katika asubuhi ya mvua pale Ngara, baba aliyevua shati na kujifunika blanketi pamoja na mwanawe amemletea mtoto zawadi kubwa kuliko viatu, na mama amepata saa moja ya kulala.

Kuhusu wageni. Desturi yetu ya kwenda kumpa mzazi hongera ni desturi njema sana. Mwenye unga huleta unga, mwenye sabuni huleta sabuni, na wengine huleta mzigo wa kuni, na huo ndio msaada halisi. Taabu iliyopo ni kwamba siku hizi hongera na sikukuu zinaangukia siku moja, na kila aingiaye anataka kumpakata mtoto. Huyu ametoka katika basi alikokaa saa ishirini akipumua hewa moja na wenye mafua. Yule ana kikohozi alichokiita "cha vumbi" tangu mwezi uliopita. Kwa mtu mzima mafua ni usumbufu. Kwa mtoto wa wiki tatu yaweza kuwa nimonia. Kifaduro kwa mtu mzima ni kikohozi kirefu cha kuchosha, na kwa kichanga ni ugonjwa wa kuua. Chanjo inayomkinga mtoto na kifaduro, iliyo ndani ya ile chanjo ya pamoja ya magonjwa matano iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2009, huanza akiwa na wiki sita. Kabla ya hapo kinga yake kubwa ni ukuta wa nyumba na busara ya watu.

Sasa utamkatalia vipi shangazi? Mila ilikwisha kutuandalia jibu. Zamani mtoto hakutolewa nje wala kushikwashikwa ovyo kabla ya siku zake kutimia, wala hakuna mgeni aliyeona ameaibishwa. Mwenye nyumba na aseme tu: "Shangazi, mtoto bado yuko ndani, siku zake hazijatimia." Hakuna mzee wa Kihangaza wala wa Kisubi atakayelishangaa neno hilo, pengine atafurahi kuona kijana wa mjini bado anajua mambo. Na kwa wale ambao lazima wampakate, bibi zake wawili kwa mfano, liwekwe beseni la maji na sabuni mlangoni. Kumbusu mtoto usoni kuachwe hadi atakapokuwa mkubwa wa kukimbia.

Tukiwataja bibi, tuwatendee haki. Vijana waliosoma hupenda kusema kwamba bibi hajui, ati anataka kumpa mtoto maji na uji mapema. Bibi huyo alilea watoto wake katika miaka ya 1980, na ushauri wa kitaalamu wa wakati huo ulikuwa kumnyonyesha mtoto peke yake kwa miezi minne hadi sita, kisha kumwanzishia chakula. Ni mwaka 2001 ndipo Shirika la Afya Duniani liliposema miezi sita kamili, bila maji, bila uji, bila kitu kingine isipokuwa dawa atakayoandikiwa na mganga. Kwa hiyo bibi ana elimu, ila ni elimu ya tarehe ya zamani, na mtu mwenye elimu huelezwa, hapigwi kelele.

Jambo moja tu sharti aelezwe bila kusitasita, nalo ni asali. Biharamulo ni nchi ya misitu na mizinga, na asali yake ni ya kujivunia. Kumlambisha mtoto asali ili apate nguvu au sauti nzuri ni desturi inayoonekana haina ubaya. Hata hivyo asali, hata iliyo safi, yaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto chini ya mwaka mmoja haliwezi kuvishinda, navyo hutoa sumu ya kulegeza misuli hadi ile ya kupumulia. Asali na iliwe na wageni.

Hali kadhalika kikombe cha pombe ya ndizi ambacho mzazi hushauriwa anywe ili maziwa yaongezeke. Maziwa huongezwa na mtoto mwenyewe kwa kunyonya mara kwa mara, mchana na usiku, na kwa mama kula vizuri na kupumzika. Nyama ya Krismasi basi ianzie kwake, wala isimfikie ikiwa imebaki mifupa. Na mume aliyekwisha kunywa siku hiyo alale mkeka wa peke yake. Mtoto mchanga aliyelala kati ya watu wawili, mmoja wao akiwa na usingizi wa pombe, yumo hatarini, na vifo vya namna hiyo huwa havisemwi kwa jina lake.

Baridi nayo ina mitego yake. Usiku wa mvua watu huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga dirisha na kulala. Mkaa uwakao katika chumba kisicho na hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo imekwisha kuua watu wazima wenye nguvu zao, sembuse mtoto. Mtoto apashwe joto kwa kofia, soksi, shuka kavu na mwili wa mama. Chandarua kifungwe kabla ya magharibi. Wengi wetu tunakumbuka ule mpango wa Hati Punguzo, uliodumu kuanzia 2004 hadi 2014, ambao mama mjamzito alipewa hati ya kununulia chandarua kwa bei nafuu. Hati hizo zimekwisha, mbu hawajaisha.

Nimeacha kwa makusudi jambo la safari na fedha hadi hapa, kwa sababu ndilo lililo zito kuliko yote.

Watu wa Ngara wenye umri wanajua maana ya kutembea na mtoto mchanga mvuani mwishoni mwa mwaka. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, na kambi ya Benaco ikawa ghafla kubwa kuliko miji mingi ya nchi hii. Kisha Desemba 1996 serikali ikatangaza kwamba wakimbizi hao wa Rwanda wawe wamerejea kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huohuo. Kwa wiki kadhaa barabara ya Rusumo ilikuwa mto wa watu, mamia ya maelfu, na miongoni mwao akina mama waliojifungulia kambini, vichanga mgongoni, mvua juu yao. Ndiyo maana utamwona mzee wa huko, anapomwona binti anapanda pikipiki na mtoto wa wiki mbili eti kwenda kusalimia sikukuu kijiji cha pili, anatikisa kichwa na kukaa kimya. Ameona safari za lazima, na hii si ya lazima.

Kwa maoni yangu, familia yenye mtoto wa chini ya wiki sita isisafiri kwenda kula sikukuu. Ikae kwake. Wanaotaka kumwona mtoto watakuja, na wasiokuja watamwona Pasaka akiwa ananyanyua kichwa na kucheka.

Ipo safari moja isiyongoja, nayo ni ile ya usiku kwenda hospitali. Na hapa nawaomba wenye nyumba wakae na kalamu. Fedha za sikukuu hutumika hivi: nguo, nyama, mchele, soda, nauli za wageni wanaorudi, na sadaka. Ifikapo jioni ya tarehe 26, mfuko ni mtupu, na hakuna anayeona ajabu, kwani mshahara au mauzo yatakuja Januari. Mtoto akianza kupumua kwa shida saa saba ya usiku huo, mvua inanyesha, zahanati ya kijiji imefungwa, na njia ya kwenda Rulenge, Murgwanza au hospitali ya Biharamulo ni ya matope, mwenye pikipiki atataka mara mbili ya nauli ya kawaida, na hana kosa. Kuanza kugonga milango ya majirani kuomba mkopo saa hiyo ni kupoteza saa ambayo mtoto hana. Kichanga hakiumwi polepole kama mtu mzima. Asubuhi amenyonya, jioni amelegea.

Kwa hiyo, kabla kitambaa cha nguo ya Krismasi hakijakatwa, nauli ya usiku itolewe kwanza, ifungwe katika khanga ya mzazi mwenyewe, na isiguswe hata chumvi ikiisha. Namba za simu za waendesha pikipiki wawili, si mmoja, ziandikwe nyuma ya kadi ya kliniki. Wawili, maana mmoja atakuwa amelewa sikukuu.

Na safari hiyo ianze lini? Ianze mara mtoto anapokataa kunyonya au anaponyonya bila nguvu, anapopata degedege, anapopumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, mwili unapokuwa wa moto sana au wa baridi kuliko kawaida, anapolegea asijitikise mpaka atikiswe, viganja na nyayo zinapogeuka manjano, au kitovu kinapotoa usaha. Mama naye asisahauliwe: damu nyingi, homa, maumivu makali ya kichwa au kuona maruweruwe ni sababu za kuondoka usiku huohuo, hata kama nyumbani mna wageni mashuhuri.

Wapo watakaouliza kuhusu ubatizo, kwani wazazi wengi hupenda mtoto abatizwe siku ya Krismasi, kanisa likiwa limejaa na ndugu wote wakiwapo. Hilo ni la wazazi na kiongozi wao wa dini. Nitakalosema ni kwamba kanisa lililojaa tarehe 25 lina vikohozi vingi kuliko kanisa lilelile Jumapili ya katikati ya Januari, na maji ya ubatizo ni yaleyale.

Limebaki la kliniki. Mtoto aliyezaliwa tarehe 13 Novemba hutimiza wiki sita siku ya Krismasi. Aliyezaliwa tarehe 14 hutimiza siku inayofuata, ambayo nayo ni sikukuu. Aliyezaliwa tarehe 20 hutimiza siku ya Mwaka Mpya. Siku hizo mlango wa kliniki umefungwa, mama anarudishwa na kufuli, kisha yanaingia maharage, wageni wanasindikizwa, shule zinafunguliwa, na kadi inakaa chini ya godoro hadi Februari, wakati kifaduro hakijui habari za likizo. Leo jioni, baada ya kuliweka gazeti hili chini, chukua kadi ya mtoto, hesabu wiki sita kwa vidole, na ikiwa zinaangukia sikukuu, andika kwa kalamu ya wino tarehe ya kwanza ya kazi inayofuata. Kisha mweleze baba yake kwamba siku hiyo ni yeye atakayeshika mwavuli.